Chachu Iliyonyamazisha Homa

Krr. Kimya. Krr, krr.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayesaga punje ya mchanga kati ya mawe mawili, taratibu, asiye na haraka ya kumaliza. Subilaga alisimama katikati ya banda la tatu akiwa haoni hata mkono wake. Taa za Nyumba ya Mbegu ziliwashwa na Bawabu, mashine iliyolinda mlango, saa kumi na mbili kamili ya asubuhi, na Bawabu hakuwahi kuziwasha dakika moja kabla kwa sababu ya mtu. Basi alisubiri gizani, pumzi ameibana, akiihesabu ile sauti. Ilitoka kushoto. Kisha ikatoka kulia. Kisha ikatoka huku na huku kwa pamoja.

Aliijua. Aliisikia mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye zizi la bibi yake, wiki moja kabla ya mashimo kuchimbwa. Nguruwe mwenye njaa hupiga kelele, na mwenye hofu hupiga kelele zaidi. Mwenye maumivu yasiyo na pa kwenda husaga meno.

Taa zikawaka.

Watoto wa nguruwe themanini walikuwa wamejipanga kwenye hori, wanene, weupe, ngozi zinang'aa kama vikombe vilivyooshwa. Walikuwa na wiki saba tu duniani, na wiki tatu tangu waachishwe ziwa. Kila mmoja alikuwa na hereni sikioni, na kila hereni ilikuwa na nukta ya mwanga wa kijani.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti ya Bawabu kutoka darini, sauti ya adabu isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume. "Leo ni siku ya kumi na tatu. Hereni mia mbili na arobaini, zote kijani. Hakuna homa. Mlango utafunguliwa kesho saa sita mchana."

Subilaga alipiga magoti akamnyanyua mtoto mwenye namba mia moja na kumi na saba, aliyekuwa akila kama kawaida. Alipoacha kula, taya liliendelea kwenda lenyewe. Krr. Akamgeuza sikio. Nyuma yake, pale ngozi ilipo laini, palikuwa na doa lenye rangi ya zambarau lililoiva, ukubwa wa punje ya haragwe. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Doa halikufifia.

Akamweka chini, akamchukua mwingine. Na mwingine. Alipofika wa nane aliacha kutafuta, maana alikuwa hatafuti tena bali anakusanya.

Akatazama juu, kwenye kile kipande cha kioo cha darini ambacho ndicho kilikuwa mbingu yao yote. Siku kumi na tatu alikuwa amekiona kikigeuka kutoka kijivu kwenda buluu kisha kijivu tena. Nyumba nzima ilikuwa mabanda matatu, jikoni, vyumba viwili vya kulala, na ushoroba wa hatua thelathini na moja. Alizijua hatua hizo kwa nyayo. Kuta zilishusha pumzi kwa mafeni, hewa ilichujwa mara nne, na mlango wa chuma haukuwa na tundu la ufunguo upande wa ndani wala wa nje.

Miaka kumi na mbili iliyopita, homa ya madoa iliwamaliza nguruwe wa milima yote ile. Watu walificha wagonjwa, wakauza wagonjwa, wakaapa mbele ya mabwana mifugo kwamba nguruwe wao ni wazima, na homa ikatembea kwa miguu ya uongo huo kutoka kijiji hadi kijiji. Baada ya hapo ikapitishwa sheria. Nguruwe wa mbegu, kabla ya kugawiwa wafugaji, atalelewa ndani ya nyumba iliyofungwa tu, na atatoka kwa mlango wa Bawabu tu. Bawabu hapokei neno la mtu. Anasoma hereni. Siku kumi na nne za kijani, mlango unafunguka. Hereni hata moja ikiwa nyekundu, mlango unafungwa siku arobaini na mbili, na hesabu inaanza upya kila homa mpya inapotokea.

Hereni zote zilikuwa kijani. Subilaga alijua ni kwa nini.

*

Jikoni pa kuchanganyia chakula, Ambakisye alikuwa akiimba. Mhudumu huyo wa mabanda alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye mabega mapana na mdomo usiojua likizo, na kila ndoo aliyoijaza ilikuwa na wimbo wake.

"Kula mwanangu ukue, mlango u karibuni,
Kesho jua ulijue, na baridi ya shambani."

Alimwona Subilaga akaacha kuimba. "Mama Chachu. Mbona uso umekunjamana kama kiazi cha mwaka jana? Kesho tunatoka, dada. Cheka hata kwa mkopo."

"Umepita banda la tatu?"

"Jana jioni. Wanakula kama wajomba harusini."

"Wanasaga meno."

"Meno yao. Wayasage." Alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Wana nini?"

Subilaga alikaa juu ya gunia la soya, akatazama pipa la chuma lililokuwa pembeni. Ndani ya pipa hilo, katika maji ya maziwa yanayobaki jibini ikishagandishwa, iliishi kazi ya miaka tisa ya maisha yake.

Mtoto wa nguruwe akiachishwa ziwa huingia vitani siku hiyohiyo. Mama hayupo, chakula ni kigeni, wenzake ni wageni, na vijidudu humvamia kutoka kila upande. Mwili wake hufanya kile ambacho ungefanya mji wowote uliozingirwa: huchukua matofali yaliyokusudiwa kujenga nyama na mifupa, ukajengea ngome. Mtoto anakula, lakini hakui. Hudumaa, huharisha, wengine hufa, na waliobaki hubaki na umbo la mbwa. Wafugaji walijaribu kila kitu cha kuongezea kwenye chakula: madini, asidi, mbegu za maboga, majivu. Subilaga alitengeneza chachu. Ilikuwa hai. Ilikaa utumboni ikasikiliza. Iliposikia mwili unaanza kujenga ngome, ilitengeneza matofali ya ziada papo hapo, kisha ikauambia mwili, kwa lugha ya kemikali ambayo mwili huiamini, kwamba vita si vikubwa hivyo. Zima moto. Tulia. Kua.

Na mwili ulitulia. Katika majaribio, joto la watoto wagonjwa lilishuka nyuzi mbili na uzito ukapanda. Subilaga mwenyewe aliandika sentensi hiyo kwenye ripoti, akaipigia mstari kwa fahari. Mwaka uliofuata, watu wengine, katika ofisi nyingine, walimtengeneza Bawabu anayesoma joto. Hakuna aliyewahi kuiweka ripoti moja mezani pamoja na nyingine.

"Wana homa ya madoa," alisema.

Ambakisye aliweka ndoo chini. "Hereni zinasema hawana."

"Hereni zinasoma joto. Chachu imelizima joto. Haikuuzima ugonjwa."

"Una uhakika?"

"Nina madoa nane."

"Umeumwa na mbu ukaona madoa. Nguruwe naye anaumwa na mbu."

"Mbu gani, Ambakisye? Hewa inachujwa mara nne. Chakula chote tunakichemsha. Hakuna kinachoingia humu bila kuchemshwa isipokuwa—" Akanyamaza. Alikuwa akilitazama pipa. Chachu ilikuwa hai, kwa hiyo maji yake ya maziwa yalichemshwa kabla ya kutiwa chachu, na baada ya hapo hayakuguswa na moto tena. Kilichoanguka ndani ya pipa lile kiliishia matumboni kama kilivyo.

Alipoinua macho, Ambakisye alikuwa amempa mgongo. Alikuwa anaosha ndoo iliyokwisha oshwa.

"Ambakisye."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Mdogo wangu, nitazame."

Aligeuka. Macho yake yalikwenda kwenye rafu, ambako hotipoti ya bluu yenye maua ilikuwa imefunikwa kitambaa, ikisubiri kurudishwa. Kila siku saa kumi jioni mkewe, Tumpe, alikuja kwenye dirisha la salamu, akaweka chakula kwenye droo ya chuma, wakazungumza kupitia kioo kwa nusu saa. Droo ilimulikwa kwa taa ya kuua vijidudu. Taa hiyo humulika nje ya chombo. Haimuliki ndani ya nyama.

"Ilikuwa siku ya tano," Ambakisye alisema polepole. "Nilimwambia nimechoka maharage. Akaniletea nguruwe wa moshi, wa mpakani. Najua ni marufuku. Nilijua. Nikala gizani kama mwizi, Mungu anisamehe, na ilikuwa tamu."

"Kula siyo tatizo. Wewe huugui homa hii."

"Mchuzi ulibaki."

Subilaga alifumba macho.

"Dada, mkono wangu. Siyo mimi, ni mkono. Tangu nizaliwe, nyumbani kwetu, hakuna mtu aliyewahi kumwaga mchuzi chini wakati nguruwe yupo. Mama angekuzaba kibao. Masalia ni ya nguruwe. Nilikuwa nimesimama hapa, hotipoti mkononi, nawaza mambo ya Tumpe, na nilipozinduka nilikuwa nimeshaimimina kwenye pipa. Kikombe kimoja. Nikasema, kikombe kimoja kitafanya nini kwenye lita mia mbili."

Feni zilipumua ukutani. Subilaga alitaka kumkaripia, akashindwa, kwa kuwa aliuona mkono wa bibi yake mwenyewe ukimimina masalia horini, jioni baada ya jioni, kwa upendo.

"Sawa," Ambakisye alisema hatimaye, na sauti yake ilibadilika ikawa ya mtu anayepiga hesabu. "Tufanye hivi. Kesho saa sita mlango unafunguka. Tunatoka. Keshokutwa unakwenda kwa mabwana mifugo, unawaambia kila kitu. Nami nakuja, nakiri."

"Keshokutwa watoto hawa watakuwa kwenye nyumba mia mbili na arobaini."

"Watarudishwa."

"Kwa Mkono kwa Mkono? Nani amewahi kumrudisha?"

Ambakisye alilijua jibu. Mkono kwa Mkono ndivyo milima ile ilivyorudishiwa nguruwe wake. Familia ikipokea jike mmoja, mtoto wake jike wa kwanza humpa jirani kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na jirani humpa jirani. Siku ya kumpokea, kabla hajaingia zizini, jike hupitishwa kila nyumba ya kitongoji, watu wamwone, wamguse, wampe jina. Ilikuwa desturi nzuri kuliko zote walizozizua baada ya msiba. Homa isingeweza kuomba njia bora zaidi.

"Jina la kwanza kwenye orodha ya wapokeaji ni la mkeo," Subilaga alisema. "Tumpe ndiye atakayemtembeza wa kwanza."

"Mke wangu ana mimba ya miezi tisa." Ambakisye alisogea, akasimama kati yake na pipa. Hakuinua mkono. "Mtoto wa kwanza alizaliwa njiani, Dada Subi, kwenye mvua, mimi nikiwa kazini. Hakulia. Wa pili naye hakulia. Huyu niliapa nitakuwepo. Nitambeba Tumpe mgongoni mpaka hospitali ikibidi. Kesho saa sita. Wewe unanisomea siku arobaini na mbili."

"Sijasema nitafanya lolote. Inawezekana ni madoa tu."

"Basi wapime kwanza."

Na hapo ndipo mtego ulipofunga meno yake. Hapakuwa na njia ya kupima kimyakimya. Chachu ilikula sukari ya maji ya maziwa. Ukikata maji hayo, inakufa ndani ya saa sita, na mwili unarudi kuwa mkweli. Lakini hereni zingeusoma ukweli huo saa ileile Subilaga angeusoma. Koki ya pipa ilikuwa moja kwa mabanda yote. Kujua kulikuwa ni kukiri. Kutokujua kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na saa.

"Nipishe kidogo," alisema.

Hakwenda kwenye koki. Alitoka jikoni.

*

Alitembea ushoroba wote, hatua thelathini na moja, akagota kwenye mlango wa chuma, akaurudi. Mara ya pili aliweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa cha baridi. Upande wa pili kulikuwa na ukungu wa asubuhi, harufu ya chai shambani, watu wanaowasha moto. Kesho wangekuja viongozi na vipaza sauti. Wangelitaja jina lake. Mtu fulani angemvisha khanga. Na yeye, miaka tisa akiwa maabara akila mkate mkavu, akiambiwa mwanamke gani huyu anaolewa na nguruwe, angesimama juani wakamwona.

Kwa nini asingesimama juani mara moja tu? Labda ni mikwaruzo. Watoto hugombana. Labda doa halikufifia kwa sababu kidole chake kilikuwa cha baridi. Alijishangaa jinsi labda zilivyomjia kwa upole, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikimwambia kwamba vita si vikubwa hivyo. Zima moto. Tulia.

Alisimama ghafla.

Ile ilikuwa sauti ya chachu yake. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe, na sasa ilikuwa inasema naye kwa maneno yaleyale.

Akaingia banda la tatu. Namba mia moja na kumi na saba alimwona, akaja mbio akitikisa mkia, kwani alimjua kwa harufu kama mama. Alimpanda mguuni, akaegemeza taya kwenye buti lake. Krr, krr. Subilaga alihisi msago ule ukipanda kupitia mpira wa buti, hadi kwenye mfupa.

Mtoto yule hakuwa na namna ya kumwambia. Alikuwa nayo moja, ambayo ni homa, na Subilaga alikuwa amemnyang'anya.

Alirudi jikoni. Ambakisye alikuwa amekaa palepale mbele ya pipa, kichwa mikononi.

"Nisamehe," Subilaga alisema.

"Sikusamehi."

"Najua. Nipishe."

Ambakisye angeweza kumzuia, alikuwa na mikono ya kubeba magunia mawili kwa mpigo. Alimtazama kwa muda mrefu, macho mekundu. Kisha akasogea upande mmoja, si zaidi ya nusu hatua, kama mtu anayempisha mwenye jeneza. Subilaga akainama akafunga koki. Ilikuwa saa moja ya asubuhi.

Ambakisye alifagia mabanda yote matatu, akafagia ushoroba, akafagia pale alipokwisha fagia. Saa tano alimletea kikombe cha chai, akakiweka sakafuni mbali naye, akaondoka. Saa saba watoto waliacha kula. Saa saba na robo namba mia moja na kumi na saba alilala ubavu, na nukta ya sikioni mwake ikageuka rangi ya chungwa. Ikasita. Ikawa nyekundu.

Halafu nyingine, kwenye kona. Halafu banda la pili. Zikawaka kama makaa yanayopulizwa, moja inaiambukiza nyingine mwanga, mpaka banda zima likawa na wekundu wa jiko usiku wa sikukuu.

Na kelele zikaanza. Siku kumi na tatu nyumba ile ilikuwa tulivu, na wote waliisifu kwa utulivu wake. Sasa walilia, makoo mia mbili na zaidi, kilio kikali cha kuchana chuma, na Subilaga akajikuta amekaa chini kati yao, machozi yanamtoka, akisema, "Ndiyo. Ndiyo. Nasikia. Sasa nasikia."

"Homa imeonekana," ilisema sauti ya Bawabu, kwa adabu ileile. "Mlango umefungwa. Siku arobaini na mbili tangu homa ya mwisho. Kama chanzo kinajulikana, kitaje kabla ya jua kuzama, kipelekwe kwa mabwana mifugo."

*

Saa kumi jioni Tumpe alikuja. Alitembea taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umebeba hotipoti, tumbo limetangulia kama mwenye nyumba. Nyuma yake kilima kilikuwa kijani na jua limelala juu yake. Subilaga, akitazama kupitia kioo, hakuwa ameona rangi nyingi hivyo kwa pamoja tangu wafungiwe.

"Shikamoo, dada," Tumpe alisema kwenye tundu la kuongelea. Akachungulia nyuma yake. "Yuko wapi huyo kelele wangu?"

"Marahaba. Yupo. Amekaa ushorobani."

"Amekasirika na nini? Nimemletea ndizi. Halafu taa ya juu ya mlango mbona nyekundu?"

Subilaga alikuwa amepanga maneno. Yote yalimkimbia. "Nguruwe wana homa ya madoa, Tumpe. Mimi ndiye niliyefanya Bawabu aione. Kesho hatutoki. Ni siku arobaini na mbili, au zaidi."

Tumpe aliweka hotipoti juu ya ukingo wa dirisha kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndiyo kitu pekee duniani kinachoweza kuvunjika. "Huyu hasubiri siku arobaini na mbili," alisema akishika tumbo. "Hasubiri hata kumi."

"Najua."

"Unajua. Na ukafanya."

"Nikafanya."

Tumpe aliuliza, kwa sauti ya chini, swali ambalo Subilaga alikuwa ameomba asiulizwe. "Imeingiaje?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema hewa. Bawabu alikuwa bado anasubiri kutajiwa chanzo, na neno moja la huruma lingemlinda mwanamke huyu mpaka ajifungue kwa amani. Alilionja neno hilo ulimini. Lilikuwa tamu, laini, na lenye kutuliza, na kwa sababu hiyo akalitema.

"Nyama ya moshi ya siku ya tano. Mchuzi uliobaki uliingia kwenye pipa."

Tumpe alijishika ukutani. "Alisema amechoka maharage," alinong'ona. "Nilitembea mpaka sokoni kwa ajili ya hiyo nyama." Kisha uso wake ukabadilika. "Mama yangu juzi alinunua fungu kwenye meza hiyohiyo. Na mama Ipyana. Kaka yake mama Ipyana anafanya kazi kwenye nyumba iliyofungwa ya kule ng'ambo ya bonde. Anampelekea chakula kila Ijumaa."

"Leo ni Alhamisi," Subilaga alisema.

Walitazamana. Hapo wote wawili walielewa kwamba ukweli ule mchungu ulikuwa umeshafanya kazi yake ya kwanza.

"Mwambie mama Ipyana aichome," Subilaga alisema. "Na mama yako aichome. Mifupa na yote."

"Nitapita kwake nikitoka hapa." Tumpe alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Watalitangaza jina langu kanisani, dada. Watasema mke wa Ambakisye aliua nguruwe wa watu kabla hawajafika."

"Nitakitaja chanzo, sina budi. Lakini jina la kwanza nitakaloandika ni langu. Mchuzi ulileta homa. Ni mimi niliyeificha. Bila chachu yangu ingeonekana siku ya saba, na mumeo angekuwa anahesabu siku zake kuanzia hapo."

Nyuma yake hatua zilisikika. Ambakisye alikuja, ndoo ya maji ya chumvi mkononi kwa ajili ya wagonjwa, mikono imelowa hadi viwikoni. Hakumtazama Subilaga. Alipita kando yake kama mtu apitaye kando ya nguzo, akaweka ndoo chini, akaweka kiganja chake chote kwenye kioo. Upande wa pili Tumpe akaweka chake. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na kilio kilijaza ushoroba, kikapita kwenye tundu la kuongelea, kikatoka nje kilimani.

"Wanalia sana," Tumpe alisema.

"Wanalia," Subilaga alijibu.

"Wewe uliyewanyamazisha hao siku zote hizi," Tumpe alisema, akimtazama juu ya bega la mumewe, "nitakuaminije? Huyu akiugua humo ndani utaniambia? Au nitakuta yuko kijani?"

Subilaga alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Alitaka Ambakisye asikie, na Bawabu asikie, na wale wote waliolala chini ya taa nyekundu wasikie, kama wana njia ya kusikia.

"Ukishikwa uchungu, mtume mtu apige kioo hiki, mchana au usiku. Nitamleta mumeo hapa hata kama hataki kuniona. Tundu hili litabaki wazi kwa mjumbe wako, na mtoto akilia, mumeo atasikia habari. Asipolia pia atajua saa ileile, kwa sababu sitamficha. Mumeo akiugua, nitakuambia siku hiyohiyo. Akinichukia, nitakuambia. Sitamnyamazisha tena kiumbe anayeumwa, Tumpe, mtu wala nguruwe. Nakuahidi."